Kuvunja Jiwe la Figo ni Nusu ya Kazi

Kaka yangu anacho kichupa kidogo cha plastiki, kile wanachotoa maabara kwa ajili ya kupimia mkojo. Ndani yake mna vipande vitatu vya rangi ya kahawia. Kikubwa hakizidi punje ya mtama, na kimoja kina ncha kali kama chenga ya chupa. Alivikinga kwa chujio la chai siku ya nne baada ya figo yake ya kushoto kupigwa mawimbi. Jioni hiyo alinipigia simu huku amejiinamia ukutani kwa maumivu. "Mdogo wangu, si walisema jiwe wameshalivunja? Mbona ndiyo kwanza naumwa?"

Swali lake ndilo lililonifanya nianze kusoma habari hizi, kuwauliza madaktari, na leo kuandika. Mtu akiambiwa ana jiwe dogo kwenye figo, jambo la kwanza kuuliza ni mashine ipi bora: ya mawimbi, ya leza, au ile ya kutoboa mgongoni? Ana haki ya kuuliza. Lakini mashine zote hizo zinavunja jiwe, na zinavunja vizuri. Kinachozitofautisha ni kifusi. Anayebomoa ukuta nyumbani kwake anajua kuwa kazi ya nyundo ni ya asubuhi moja, na kuzoa kifusi ndiko kunakomaliza siku. Kwenye mawimbi, kifusi unakizoa mwenyewe kwa mkojo wako. Kwenye kamera na leza, daktari anatoa vipande na kukuachia vumbi. Kwenye tundu la mgongoni, daktari anaondoa karibu kila kitu, ila amelazimika kupita katikati ya nyama ya figo yako ili akifikie.

Tuanze na hilo neno "dogo". Madaktari wa mfumo wa mkojo wakisema jiwe dogo, kwa kawaida wanamaanisha lisilozidi milimita 10. Punje ya choroko ina kama milimita 4 au 5. Mbaazi kavu inakaribia 7. Punje ya karanga iliyoshiba inafika 10. Sasa pima hizo na mrija wa mkojo, yaani ule unaoshuka kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Urefu wake ni kama sentimita 25, na upana wake wa ndani ni milimita 3 hadi 4 tu. Isitoshe, unabana mahali patatu: unapoanzia kwenye figo, unapokatiza juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na unapoingia kwenye kibofu. Choroko itapita kwa taabu. Mbaazi ni bahati nasibu. Karanga mara nyingi inakwama.

Lakini ukubwa peke yake haukuambii mengi mpaka ujue jiwe limekaa wapi. Ndani ya figo mna vikombe vidogo vinavyopokea mkojo kabla haujateremka: vya juu, vya kati na vya chini. Jiwe lililo kwenye kikombe cha juu, likivunjwa, vipande vyake vinateremka. Jiwe lililo kwenye kikombe cha chini ni kama machicha ya chai kwenye kitako cha birika. Unaweza kuyasaga utakavyo, bado ni lazima yapande kwanza ndipo yafike kwenye mdomo. Kaka yangu jiwe lake lilikuwa huko chini, na hakuna aliyemweleza maana yake mpaka mawimbi yalipokwisha kupigwa mara mbili.

Na kipimo kiwe cha kuaminika. Ultrasaundi ni nzuri, ni rahisi, haina mionzi, na ndiyo ya kwanza kwa mjamzito na mtoto. Tatizo lake ni kwamba hukuza mawe madogo. Kaka aliambiwa kwa ultrasaundi kuwa jiwe ni milimita 11, na skani ya CT iliyofanywa wiki ileile ikasema 8. Milimita 3 zinatosha kubadilisha ushauri wote. Skani ya CT isiyo na dawa ya kuchomwa kwenye mshipa ndiyo inayoonyesha karibu kila aina ya jiwe, mahali lilipo, umbali wake kutoka kwenye ngozi, na hata ugumu wake. Eksirei ya kawaida huyakosa mawe ya asidi ya yuriki kabisa, yasionekane hata kama yapo.

Kabla ya mashine yoyote, ipo njia ya kungoja, na wagonjwa wengi wanaidharau. Kwa jiwe ambalo tayari limeshuka kwenye mrija wa mkojo, uchambuzi uliofanywa mwaka 2007 na vyama vya madaktari wa mfumo wa mkojo vya Marekani na Ulaya ulionyesha kuwa yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe kwa takriban watu 68 kati ya 100, na yaliyo kati ya 5 na 10 kwa takriban 47. Yanayotoka, mengi hutoka ndani ya wiki 4 hadi 6. Muda huo unapewa dawa ya maumivu ya jamii ya diklofenaki, kama figo zako na tumbo lako vinairuhusu, na unarudi kupimwa ili ionekane kama jiwe linasogea na figo haivimbi.

Wengi pia huandikiwa tamsulosini, dawa ya tezi dume, kwa kuwa inalegeza misuli ya mrija. Hapa utafiti umetikisa mazoea. Mwaka 2015 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 1,100 waliogawanywa kwa kura: wengine tamsulosini, wengine nifedipini, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 4, watu kama 80 kati ya 100 katika kila kundi hawakuhitaji matibabu zaidi. Hapakuwa na tofauti. Bado madaktari wengi wanaitoa kwa mawe yaliyo chini ya mrija na yanayozidi milimita 5, kwa sababu kundi hilo huenda likafaidika. Mimi sina ugomvi nao, mradi mgonjwa asidhani amepewa dawa ya kuyeyusha jiwe. Tamsulosini haiyeyushi kitu.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna watu wanapoteza figo, na wengine maisha, kwa kutolijua jambo hili. Maumivu ya ubavuni yakiambatana na homa au kutetemeka kwa baridi, usingoje, wala usitafute mashine ya kuvunja. Huenda huo ni mkojo wenye usaha uliozibiwa njia. Kinachotakiwa ni kuufungulia njia siku hiyohiyo, ama kwa kupitisha mpira mwembamba ndani ya mrija, ama kwa kuutoa kupitia mgongoni, pamoja na dawa za vijidudu. Jiwe lenyewe linaachwa mpaka maambukizi yaishe. Vivyo hivyo kwa mwenye figo moja aliyezibiwa, na kwa yeyote aliyeacha kabisa kukojoa.

Sasa mawimbi. Asili yake ni kampuni ya ndege. Dornier ya Ujerumani ilikuwa ikichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu mwili wa ndege inayokwenda kwa kasi kuliko sauti, na wahandisi wake wakaona kuwa mshtuko husafiri ndani ya kitu kigumu na kukipasua. Madaktari wa Munich wakiongozwa na Christian Chaussy wakalichukua wazo hilo, na Februari 1980 mgonjwa wa kwanza akatibiwa. Alizamishwa ndani ya beseni kubwa la maji, kwa sababu mawimbi hupita vizuri majini na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Kabla ya hapo, jiwe lililokwama lilimaanisha kupasuliwa ubavu na kubaki na kovu refu.

Siku hizi beseni halipo. Unalala juu ya kitanda, na mto uliojaa maji unagandamizwa ubavuni kwa jeli kama ile ya ultrasaundi. Nilikuwepo mara ya pili kaka alipopigwa, nyuma ya kioo. Mtaalamu alikuwa akiipaka jeli kwa uangalifu ulionishangaza, akaifuta, akaipaka tena. Alisema viputo vya hewa vikibaki ndani ya jeli, mawimbi yanaishia hapo na jiwe halipati kitu. Kisha mlio ukaanza, tak, tak, tak, karibu mmoja kila sekunde. Mapigo ya kwanza yalikuwa ya nguvu ndogo, yakaongezwa polepole. Kwa polepole hivyo figo haiumii sana, na mapigo 60 kwa dakika yanavunja jiwe vizuri kuliko 120. Kwa hiyo mgonjwa akiona kazi inakwenda taratibu, asidhani mashine ni mbovu. Mpaka wanamaliza yalikuwa yamepita mapigo zaidi ya 2,000. Hakupigwa nusukaputi, alichomwa dawa ya maumivu tu, na jioni alikula nyumbani.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya mawimbi: hakuna kitu kinachoingia mwilini mwako. Unakojoa damu siku moja au mbili, ubavu unabaki na alama nyekundu, basi. Baada ya hapo ndipo inapoanza zamu yako ya kuzoa kifusi, kwa siku, kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Kila kipande kinachopita kwenye mrija kinaweza kuleta maumivu yaleyale yaliyokupeleka hospitali. Wajerumani wana jina la hali ambayo vipande vinapangana ndani ya mrija na kuuziba. Wanaiita barabara ya mawe. Kaka yangu ni dereva wa malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na nilipomweleza akaielewa mara moja: foleni ya mizani, lori moja likikwama mbele, yote nyuma yanasimama. Hali hiyo huwapata zaidi wenye mawe makubwa, lakini hata jiwe dogo linaweza kutoa kipande kibishi.

Kuna mawe ambayo mawimbi hayayawezi, na habari njema ni kwamba mengi yanaweza kutambulika kabla. Mtaalamu anayesoma skani ya CT anaweza kupima ugumu wa jiwe. Kipimo hicho, kinachoitwa Hounsfield, kikizidi takriban 1,000, uwezekano wa mawimbi kulishinda unapungua. Jiwe likiwa zaidi ya sentimita 10 kutoka kwenye ngozi, kama kwa mtu mnene, nguvu inafika imechoka. Mawe ya sistini, aina adimu ya kurithi, na yale ya oksaleti ya kalsiamu yenye muundo wa kubana, ni wabishi kwa asili. Na kikombe cha chini nimeshakisema. Mjamzito hapigwi mawimbi kabisa. Mwenye damu isiyoganda vizuri au anayetumia dawa za kuyeyusha damu zisizoweza kusimamishwa hapigwi. Mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa naye anangoja. Kwa watoto, kinyume chake, mawimbi yanafanya kazi nzuri, kwa sababu mirija yao inatanuka na kusukuma vipande nje kwa wepesi kuliko ya watu wazima.

Njia ya pili inapita mlangoni, kama ninavyopenda kuieleza: kamera nyembamba inaingizwa kupitia njia ya haja ndogo, inavuka kibofu, inapanda mrija wa mkojo mpaka kwenye jiwe. Hakuna kidonda nje. Kwa jiwe la mrija wa chini inatosha kamera isiyopinda. Kwa jiwe la ndani ya figo inatumika ile inayopinda, yenye unene wa karibu milimita 3, ambayo kichwa chake kinaweza kugeuka na kuchungulia mpaka kwenye kikombe cha chini. Ndani ya kamera hiyo unapita uzi wa leza, ambao kiini chake kinaweza kuwa sehemu ya tano tu ya milimita moja. Leza ya holmiamu ilienea miaka ya 1990 na ndiyo iliyoifanya njia hii iwe ya kila siku. Sasa imekuja ya thuliamu, inayosaga jiwe likawa unga laini zaidi.

Daktari ana namna mbili za kufanya kazi akishafika. Anaweza kulivunja jiwe vipande na kuvitoa kimoja kimoja kwa kikapu kidogo cha waya. Au anaweza kulisaga likawa vumbi na kuliacha litoke na mkojo. Ya kwanza inachukua muda na inahitaji kamera kuingia na kutoka mara nyingi. Ya pili ni ya haraka. Lakini sikiliza vizuri: vumbi lililoachwa kwenye kikombe cha chini nalo ni kifusi, na nalo ni lazima lipande. Ndiyo maana sasa zimekuja ala mpya zenye mpira unaonyonya vumbi wakati leza inafanya kazi. Mtu akikwambia leza inamaliza jiwe siku hiyohiyo, muulize anasaga au anatoa, na atakupima kwa kipimo gani baadaye kujua kama limekwisha.

Gharama ya njia hii mwilini ni nusukaputi au ganzi ya mgongo, hatari ya mrija kuchubuka au kutoboka, na maambukizi. Hili la mwisho lisifanyiwe masihara. Maji yanasukumwa ndani ya figo ili daktari aone, na kama mkojo ulikuwa na vijidudu, vinasukumwa kuingia kwenye damu. Mkojo uoteshwe maabara kabla ya siku ya kazi na majibu yasomwe. Ukiambiwa uende moja kwa moja bila kuotesha mkojo, uliza kwa nini.

Na halafu kuna stenti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaokwambia kuhusu leza mara nyingi wanaitaja stenti kwa sentensi moja mwishoni, na mgonjwa anaishi nayo kwa wiki.

Baada ya kamera kutoka, mrija wa mkojo unaweza kuvimba na kujiziba. Ili mkojo uendelee kushuka, daktari anaacha ndani kimpira laini chenye matundu, kilichojikunja kama ndoana pande zote mbili, upande mmoja ndani ya figo na mwingine ndani ya kibofu. Kinafanya kazi yake vizuri. Lakini ile ndoana ya chini inakikwaruza kibofu mchana na usiku. Mtu anahisi haja ndogo kila baada ya nusu saa. Akikojoa, maumivu yanampanda ubavuni, kwa kuwa mkojo unarudi juu kupitia mpira huohuo. Akitembea sana anaona damu. Kaka, aliyeishia kwenye kamera baada ya mawimbi, alisema ilikuwa kama kuendesha gari lenye msumari kwenye kiti. Tamsulosini ambayo haikusaidia sana kusukuma mawe inasaidia hapa, inapunguza kero hizo, kwa hiyo ombeni. Si kila mtu anayehitaji stenti: kazi ikiwa imekwenda vizuri, bila kuchubua mrija na bila vipande kubaki, daktari anaweza asiiweke. Wengine huwekewa yenye uzi unaotoka nje, ikavutwa baada ya siku chache bila kurudi chumba cha upasuaji.

Stenti ni ya muda, na hilo ndilo lililotuumiza. Kaka aliruhusiwa akiwa na karatasi ya dawa na maelezo ya jumla ya kunywa maji. Tarehe ya kuitoa stenti haikuandikwa popote. Kero zilipopungua akadhani amepona, akarudi barabarani. Ilipita miezi saba. Alipoanza tena kukojoa damu na kupigwa picha, stenti ilikuwa imejengewa ukoko wa mawe ncha zote mbili, juu kama uyoga na chini kama yai la kware. Kitu ambacho kingetolewa kwa dakika tano, kwa kamera ya kibofu na jeli ya ganzi, kilihitaji leza upya, nusukaputi upya, na fedha upya. Kwa kawaida stenti haitakiwi kupitisha miezi mitatu bila kutolewa au kubadilishwa, na baada ya jiwe dogo huwa ni suala la siku au wiki chache. Hasira yangu juu ya karatasi ile haijaisha. Usitoke hospitali na stenti bila tarehe iliyoandikwa, na namba ya simu ya kupiga tarehe hiyo ikipita.

Basi kati ya mawimbi na kamera, kwa jiwe dogo, nani anashinda? Kuna utafiti wa mwaka 2005 wa Marekani ninaoupenda kwa sababu ulilinganisha hizo mbili kwa mawe ya kikombe cha chini yasiyozidi sentimita 1, na kupima matokeo kwa skani ya CT, ambayo haifichi kitu. Waliobaki bila jiwe baada ya mawimbi walikuwa 35 kati ya 100, na baada ya kamera ni 50. Tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema moja ni bora. Lakini walipoulizwa kama wangechagua njia ileile tena, 90 kati ya 100 waliopigwa mawimbi walisema ndiyo, na kwa kamera ni 63. Tangu hapo kamera na leza zimeboreka sana, na madaktari wengi wanaamini pengo la kusafisha limepanuka upande wa kamera. Hata hivyo, funzo la wagonjwa wale bado lina uzito: mtu anaweza kuridhika zaidi na njia inayosafisha kidogo, kwa sababu haikumuumiza.

Kwa mawe ya mrija wa mkojo, Uingereza waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 600 kwa namna hiyohiyo ya kura. Walioanza na mawimbi, takriban 22 kati ya 100 walihitaji tiba nyingine ya ziada. Walioanza na kamera ni takriban 10. Ukiangalia juu juu utasema kamera imeshinda. Ukiangalia tena utaona kuwa karibu watu wanane kati ya kumi walioanza na mawimbi hawakuhitaji nusukaputi wala stenti, na gharama kwa mfuko wa afya ilikuwa ndogo. Mimi ningekuwa na jiwe la mbaazi, laini kwenye skani, kwenye mrija wa juu au kikombe cha juu, na muda wa kurudi mara mbili, ningeanza na mawimbi. Ningekuwa na jiwe gumu kwenye kikombe cha chini, au kazi isiyoniruhusu kuumwa ghafla katikati ya mteremko wa Kitonga, ningeomba kamera moja kwa moja. Kaka alikuwa na hayo mawili ya mwisho yote.

Tundu la mgongoni litanichukua maneno machache, kwa kuwa kwa jiwe dogo si chaguo la kwanza. Wasweden Fernström na Johansson walilieleza mwaka 1976: sindano inapita mgongoni mpaka ndani ya figo, njia inatanuliwa, na jiwe linavunjwa na kutolewa hapohapo. Njia ya kawaida ina upana unaokaribia sentimita 1, na sasa kuna ndogo zake zenye karibu nusu ya hapo. Ni bingwa wa kusafisha. Utafiti wa mwaka 2001 wa mawe ya kikombe cha chini ulipata watu 95 kati ya 100 wakiwa hawana jiwe, huku mawimbi yakiishia 37. Lakini inaweza kuvuja damu nyingi, na inalaza mtu wodini. Ndiyo tiba ya kwanza kwa mawe yanayozidi milimita 20. Kwa jiwe la karanga kwenye kikombe chenye shingo nyembamba ambako kamera haifiki, ile ndogo inaweza kuzungumziwa. Kwa choroko, hapana.

Wapo ambao uchaguzi wao umeshapunguzwa na hali yao. Mjamzito mara nyingi anangojewa, na ikishindikana anawekewa stenti au anaingia kamera kwa tahadhari. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu asizoweza kuacha, kamera na leza ndiyo salama kwake. Na mwenye jiwe la asidi ya yuriki ana bahati ambayo wengine hawana: jiwe lake linaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza uchachu wa mkojo, kama sitrati ya potasiamu, chini ya daktari na kwa kupima mkojo mara kwa mara. Ndilo jiwe pekee la kawaida linaloyeyuka hivyo. Yale ya kalsiamu, ambayo ndiyo mengi, hayayeyushwi na sitrati, wala na mizizi ya papai, wala na bia. Juisi ya limau inasaidia kuzuia mapya kwa baadhi ya watu. Lililokwisha kuwa jiwe hailigusi.

Nimeulizwa pia na watu wenye choroko iliyotulia ndani ya figo, isiyouma, iliyoonekana kwa bahati wakati wa kipimo kingine. Wengi wanaweza kuangaliwa tu kila mwaka. Lakini kama tayari unaingizwa kamera kwa jiwe lingine, muombe daktari ayatoe na hayo madogo. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, wa wagonjwa 73, ulionyesha kuwa walioachiwa mawe madogo walirudiwa na tatizo kwa 63 kati ya 100, na waliotolewa kwa 16 tu.

Kwetu kuna jambo lingine linaloamua kabla ya jiwe lenyewe: hospitali ina nini. Mashine ya mawimbi ni ghali na si kila mkoa unayo. Kamera zinazopinda huharibika upesi. Ukienda duka la mabati hutauziwa vigae. Kwa hiyo ukishauriwa njia moja, uliza kwa heshima: daktari, hii ni kwa sababu ya jiwe langu au kwa sababu ya vifaa vilivyopo? Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, wamekuwa wakifundisha mabingwa wa mfumo wa mkojo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo mabingwa wa kuwauliza wapo kuliko watu wanavyodhani, na rufaa inaombwa. Kama una bima, ulizia kabla kama inalipa kikao cha pili cha mawimbi, maana mara nyingi kipo.

Na maji. Waitaliano walifuatilia watu waliowahi kupata jiwe la kwanza. Waliokunywa maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita 2 kwa siku, kwa miaka mitano jiwe liliwarudia 12 kati ya 100. Wengine walikuwa 27. Dereva anayejinyima maji ili asisimame njiani, fundi wa juani, ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wakati wa kiangazi, wote wako kwenye hesabu hiyo. Maziwa usiyaache kwa kuogopa kalsiamu, kwani kuyaacha kunaongeza oksaleti ya chakula, malighafi nyingine ya jiwe, inayoingia mwilini. Chumvi ndiyo ya kupunguza.

Kile kichupa cha kaka kilikaa juu ya friji zaidi ya mwaka. Hakuna aliyekiomba, nasi hatukujua kuwa vipande vinaweza kuchambuliwa. Daktari aliyetoa stenti yenye ukoko ndiye aliyeuliza, "Yale yaliyotoka mwanzo mliyatupa?" Tukampelekea. Majibu yalirudi ukurasa mmoja: oksaleti ya kalsiamu, ya ule muundo wa kubana, ambao mawimbi huhangaika nao. Kaka aliusoma akiwa amekaa kwenye ngazi ya lori, akaukunja, akauweka pamoja na leseni yake.